Jibu: SX-70 ya mtumba "haijajaribiwa", ninunue?

Ndugu, umeuliza kama ununue SX-70, kamera ya Polaroid inayokunjika na kutoa picha papo hapo: kwa bei kamili usinunue. Muuzaji anayeandika "haijajaribiwa" mara nyingi anajua ilivyo, au ameogopa kujua. Betri ya Polaroid SX-70 imo ndani ya pakiti ya filamu, kwa hiyo bila pakiti kamera haifanyi kazi. Mwombe aweke hata pakiti iliyokwisha, maana betri yake huwa bado na chaji, kisha akutumie video ikikunjuliwa na kufyatuliwa. Sikiliza mota.

Kagua mvukuto wa mpira (ile sehemu inayokunjika) kwenye mikunjo: tundu dogo tu huacha doa la mwanga palepale kwenye kila picha. Roli chafu, zile zinazosukuma picha nje, huleta madoa yanayojirudia, ila hizo hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Gharama kubwa ni filamu. Pakiti ina picha 8, na kila picha hupita dola 2. Nunua iliyoandikwa SX-70. Ile ya 600 hupokea mwanga kwa wepesi mara nne hivi kuliko ya SX-70, picha zitatoka nyeupe mno bila kichujio. I-Type, filamu nyingine ya Polaroid, haina betri kabisa, haitafanya kazi. Filamu za zamani, zilizotengenezwa kabla Polaroid ya awali haijasimamisha uzalishaji mwaka 2008, ni za pambo.

Hifadhi filamu kwenye friji, si kwenye friza. Picha ikitoka ifiche mwanga papo hapo, na usiitikise.

Kioo cha ndani au saketi ikiharibika, mpe fundi wa kamera hizi. Uliza bei yake kabla hujalipa muuzaji. Ukitaka rangi zake laini na kukunjika mfukoni, inafaa. Ukitaka picha nyingi za sherehe, chukua Instax, kamera ya papo hapo ya Fujifilm.