Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea mitambo na watu wake

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Unaniuliza kama ni busara, baada ya miaka yote ya uhandisi wa mitambo, uende kusomea jinsi sayansi na teknolojia zinavyoishi ndani ya jamii na mila za watu. Wenzako wanakwambia hilo ni somo la wapenda maneno, kazi ya mhandisi ni mashine ifanye kazi, basi. Umenieleza pia kwamba Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Uskoti, wanalifundisha tangu miaka ya 1960. Kwangu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba hapa Mwanza tumelihitaji muda mrefu bila kuwa na wa kulisomea.

Chukua vichanja vya dagaa. Unavijua: nguzo za miti, juu wavu uliokazwa, upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka bila mchanga. Ni kitu kizuri, sibishi. Wataalamu wametufundisha miaka nenda rudi, tunaitikia, wakiondoka wengi wanarudi kuanika chini. Wanasema hatuna elimu. Sasa fikiria alfajiri ya giza zuri, usiku usio na mwezi ambao dagaa hufuata taa, mitumbwi imeingia imejaa. Dagaa hawangoji. Kichanja kimoja kinajaa papo hapo, na cha pili kinataka miti, misumari, wavu na kipande cha ufuko ambacho mwanamke hana, anakodi. Mnunuzi wa chakula cha kuku haulizi mchanga. Mama aliyekopa hela ya ndoo ya dagaa asubuhi anadaiwa jioni. Anapiga hesabu yake pale pale, na hesabu hiyo ni sahihi. Kilichokosewa ni kumpa kichanja bila kumuuliza ufuko ni wa nani, mkopo ni wa nani na bei anapanga nani. Hayo ni maswali ya kitaalamu kabisa, mwanangu, sawa na unene wa nguzo.

Au sangara. Walimpandikiza Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 ili ale furu, wale wadogo wenye miba, atupe kitoweo kikubwa. Kwa kilo walipatia. Lakini furu bibi yako alimkausha kwa jua tu, bure. Sangara ana mafuta, anataka kukaangwa au kubanikwa, na moto unataka kuni. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri, minofu ikaenda Ulaya, wachuuzi wengi wa kike wakabakiwa na mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Watu wamejenga nyumba kwa sangara na kusomesha watoto, siwezi kumtukana. Nasema tu kwamba aliyempima kwa kilo peke yake hakuuona mzigo wa kuni kichwani mwa mama.

Hata hizi taa za sola za kuvulia dagaa usiku, zilizochukua nafasi ya karabai, uziangalie hivyo hivyo. Moshi umepungua, mafuta ya taa hayanunuliwi, nafurahi. Ila kwenye kugawana mapato ya samaki, mwenye mtumbwi akikata gharama ya taa kwanza kama alivyokuwa akikata mafuta, mvuvi amepata nini? Huwezi kulijibu hilo kwa kuifungua taa na bisibisi.

Kwa hiyo nenda, na mimi niko nyuma yako. Sharti langu ni moja: usiiache spana. Msomi wa jamii asiyejua mtambo unavyofanya kazi atadanganywa na fundi yeyote, na hapa hatutakuwa na haja naye.

Na ukifika kwenye utafiti wako, ufanye kuhusu vichanja. Anza na kina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kabla ya maofisa. Nitakutafutia wa kuzungumza nao, wapo wenye mengi moyoni. Uje msimu dagaa wamejaa, usije wakati wa mbalamwezi ukakuta watu wamepumzika.

Fomu ijaze wiki hii. Habari ya ada tutaongea Jumapili kwa simu, baba yako akiwepo.

Mama yako