Miche ya chai ya maabara: niisubiri?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima chai kwenye shamba dogo karibu na Amani, wilayani Muheza. Mwanangu anayesomea kilimo amenieleza kwamba miche ya migomba siku hizi huzalishwa maabarani, ndani ya chupa. Je, chai nayo inawezekana? Nataka kujaza mapengo shambani, nami sijui kama niisubiri miche hiyo au niendelee na vikonyo, yaani vipande vya tawi vya kuotesha. – Mkulima, Tanga

JIBU: Ndugu mkulima, inawezekana, lakini usiisubiri. Maabarani hukatwa kipande cha tawi changa chenye jicho moja, kikasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuwekwa ndani ya chupa yenye rojo la agari, sukari, madini na homoni za mimea. Jicho huchipua, machipukizi hukatwa na kuhamishwa tena na tena yakizidi kuongezeka, na mwishowe hupewa homoni ya kuotesha mizizi.

Ugumu uko ndani ya chai yenyewe. Utomvu wake una polifenoli nyingi, yaani kemikali za asili za mmea, na kila kisu kinapopita, vimeng'enya (protini zinazochochea mabadiliko ya kemikali) na hewa huzigeuza kuwa kahawia. Ni mabadiliko yale yale ambayo kiwandani, majani yakishasagwa, huipa chai nyeusi rangi na ladha yake, ila chupani hukitia kipande sumu mpaka kikafa. Kwa hiyo wataalamu hutia vitamini C au unga wa mkaa katika rojo, na hukihamisha kipande mara kwa mara siku za mwanzo. Hata mche uliofanikiwa hutoka ukiwa dhaifu, kwa kuwa majani yaliyozoea unyevu wa chupa hupoteza maji upesi, na hulazimika kuzoeshwa hewa ya nje kidogo kidogo, chini ya nailoni na kivuli.

Kazi hiyo yote ni ya gharama, nayo ina maana pale aina mpya inapokuwa na miti mama, ile inayokatwa vikonyo, michache mno. Kwako kikonyo kinatosha, na naomba mwanao asikidharau, kwani nacho hutoa mche wenye sifa zile zile za mama. Chukua kikonyo chenye jani moja na jicho moja kutoka mti mama wenye afya, ukioteshe katika kiriba chenye udongo wa tindikali, pH 4.5 hadi 5.5, chini ya kivuli. Kitalu kikianza kabla ya katikati ya mwaka, miche yako itakuwa tayari kwa masika yajayo.