Chai ya saa nne

Muhula wangu wa kwanza kufundisha chuoni hapa Nairobi, nilikunywa chai ya saa nne nikiwa mpweke katikati ya watu. Wenzangu mezani walikuwa sita, wa jamii moja. Hakuna aliyenitusi. Walinijulia hali kwa Kiswahili, kisha wakarudi kwenye lugha yao. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nakuja na chupa yangu na kujifungia ofisini. Baadaye ndipo nikagundua kuwa ni pale mezani walikopangia nani asimamie tasnifu gani.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa jamii moja. Sawa. Lakini sheria haifiki kwenye birika.

Na mimi darasani sikuwa na nafuu. Niliwaambia wanafunzi wajigawe makundi, wakajigawa kikaunti, nikanyamaza. Msichana mmoja kutoka Mandera nilikuwa nikilivuruga jina lake kila siku hadi akaacha kuitika. Nikamwandika hayupo mara tatu, naye ameketi nyuma pale pale. Akaja ofisini: "Mwalimu, mimi nipo. Huyo unayemwita ndiye simjui."

Tangu hapo siku ya kwanza kila mtu hujitamkia jina, nami naandika linavyosikika. Mhadhiri mwenzangu, gawa makundi mwenyewe kwa nambari za usajili. Watanung'unika, waache. Kazi ya kwanza iwe ya alama chache, wakikosana isimharibie mtu muhula. Ukisahihisha, funika jina, maana majina yetu hukutajia kijiji kabla hujasoma jibu. Na mwaka wa uchaguzi wahi kugawa makundi kabla kampeni hazijapamba moto. Mwaka 2022 nilichelewa, kundi moja likaniletea kazi mbili.

Wewe mwanafunzi, chama cha watu wa kwenu usikidharau. Ukifiwa au ukikwama karo, hao ndio watakaokuchangia. Ila wa kusoma naye mtafute nje ya chama hicho.

Mezani nilirudi mwaka wa pili. Mazungumzo yalipokolea nikamwambia mkubwa wao, "Mzee, hapo mmeniacha." Akacheka, akanitafsiria. Siku hizi hunivutia kiti, ingawa wakifika habari za mazishi ya kwao husahau tena, nami huwaacha.