Taka za chuo: anzeni jikoni, mapipa ya rangi baadaye

Mkuu umeuliza mfanyeje taka za chuo zisiishie zote dampo, na unataka kuanza na mapipa ya rangi tatu kila bweni. Mi nimesoma chuo kimoja hapa Mwanza, nilikuwa klabu ya mazingira, nakwambia hayo mapipa yaache kwanza. Siku za mwanzo watu wanafuata rangi, baadae pipa la karatasi limejaa maganda ya ndizi na vifungashio vya chipsi, alafu gari la taka likija linazoa vyote pamoja, mwanafunzi akishaona vile humwambii kitu tena.

Anza na jikoni. Taka nzito ni chakula: ukoko, wali uliobaki, maganda ya viazi, miiba ya sato, na ndo hizo zikifukiwa dampo zinaoza bila hewa zinatoa gesi ya methane. Afu jikoni huhangaiki na bweni zima, unaongea na akina mama wa kafeteria basi. Sisi tuliweka ndoo mbili pale watu wanaporudishia sahani, moja ya mabaki, moja ya tishu na vijiti vya meno. Vijiti usivichukulie poa, mfugaji wa nguruwe aliyekuwa anakuja na guta alikuwa anazamisha mkono anapekua, akikuta kijiti anaigomea ndoo nzima. Mabaki yachemshwe kabla ya kulishwa na nyama ya kitimoto isiingie kabisa, homa ya nguruwe inasafiri na makombo. Maganda mabichi pigeni mboji, changanya na majani makavu, geuzageuza, ikianza kunuka ujue haipati hewa.

Makopo ya maji wala yasikuumize kichwa, yana wanunuzi wanapima kwa kilo. Weka kiroba karibu na kantini, kizibo kifunguliwe kopo likanyagwe, la sivyo unauza upepo. Yakizagaa tu, mvua ikipiga yako mtaroni, na mitaro ya huku yote unajua inaelekea ziwani.

Kingine ni pale mwaka wa mwisho wanapoondoka, aisee, mabeseni, ndoo, hanga, madaftari, magodoro, vinatupwa kama havijawahi kununuliwa. Ombeni chumba kimoja mvitunze, mwaka wa kwanza wakifika wananunua fasta maana bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, bado halijaingia. Magodoro msimamizi wetu wa bweni aliyakataa kisa kunguni, na hapo kwa kweli alikuwa sahihi.