Mtoto anakohoa usiku: majibu ya barua zenu

Kusi likishika, barua nyingi zinazonifikia huwa na neno moja: mtoto hakulala, na mama hakulala. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Malindi, na kikohozi cha usiku ndicho kilio ninachokisikia kuliko vyote. Nimechagua barua saba, nyingine nimezifupisha.

*Wangu ana mwaka na nusu. Mchana anacheza vizuri, akilala tu kikohozi kinaanza mpaka anatapika. Mbona usiku? – Mama, Maweni*

Pole mwanangu. Mtoto akilala chali, makamasi ya puani hushuka nyuma ya koo, na koo likitekenywa hukohoa. Mchana huyameza wala hutambui. Umri huu hajui kupenga kamasi wala kutema kohozi, kwa hiyo kukohoa ndiko kusafisha kwake. Kutapika baada ya kukohoa sana ni kutoa kohozi alilomeza. Akitapika mara moja kisha akanywa maji na kulala, usiogope.

Anza na pua. Chemsha kikombe cha maji, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaache yapoe kabisa. Kabla ya kulala mdondoshee matone mawili matatu kila tundu, ngoja kidogo, kisha vuta kwa kipira cha kunyonyea kamasi au futa kwa kitambaa laini. Maji ya leo yasitumike kesho. Mpe kinywaji cha vuguvugu kidogo kidogo, na asishibe sana halafu akalazwa papo hapo.

Na uwe na subira, maana kikohozi cha mafua hakiishi kwa siku tatu. Wengi hukohoa hadi wiki 2 au 3, kikipungua taratibu, ingawa kikizidi siku 14 achunguzwe, kama nitakavyoeleza mbele. Tena mtoto mdogo huweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, hivyo kile unachokiona kama kikohozi kimoja cha miezi miwili huenda ni mafua mawili yaliyofuatana. Jiulize: katikati, alipata siku kadhaa za kulala vizuri?

*Mjukuu wangu ana miezi tisa. Namchanganyia asali na habasoda ya kusaga kama tulivyolelewa sisi. Mkwe wangu ananizuia. – Bibi, Mambrui*

Shikamoo bibi. Kwa hili mkwe wako ana haki, naomba umsikilize. Asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi kuvishinda. Huota ndani ya utumbo na kutoa sumu inayolegeza misuli: shingo inakosa nguvu, kunyonya kunadhoofika, mwisho pumzi yenyewe inashindwa. Kuichemsha asali jikoni hakuviui. Na unga mkavu wa habasoda unaweza kumpalia.

Akitimiza miezi 12, asali hiyo hiyo itakuwa dawa yako bora kuliko nyingi za dukani. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwapa asali wakati wa kulala watoto 35 hivi kati ya 105 waliokuwa wakikohoa, wa miaka 2 na zaidi. Kwa maelezo ya wazazi, walikohoa kidogo na kulala vizuri kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Dawa ya kikohozi waliyopewa wengine haikuwa na tofauti ya maana na kutopewa chochote. Nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima kinatosha, kisha msafishe meno. Tafuta asali ya kweli, kama ile ya wafugaji nyuki wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Sukari iliyoyeyushwa haiwi asali kwa kutiwa ndani ya chupa.

*Wazee wanasema kimio kimeteremka, mtoto apelekwe kukatwa. Ana miaka miwili, amekohoa wiki tatu sasa. Nakuuliza kabla sijampeleka. – Baba, Ganda*

Usimpeleke, baba. Nakushukuru umeuliza kabla.

Kimio, wengine mnakiita kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Wewe unacho, mimi ninacho. Mtoto akikohoa usiku kucha koo lote huwa jekundu na kuvimba, na kimio huvimba pamoja nalo. Ukimmulika kwa tochi unakiona kikubwa, ukadhani umempata mwizi. Kumbe nacho kimeumizwa na kikohozi, kama koo lenyewe.

Najua utaambiwa: wa fulani alikatwa na akapona. Ni kweli wako waliopona, kwa sababu kikohozi chao kilikuwa kinaelekea kuisha. Mtu hufika kwa mkataji wiki ya tatu, uvumilivu ukiwa umemwishia, na wiki ya tatu ndiyo mafua yenyewe huaga. Sifa anachukua wembe. Wasiopona hawasimuliwi barazani. Mimi nimewapokea: mtoto aliyefungwa kanga iliyolowa damu, mwingine aliyekataa kumeza hata mate kwa siku mbili. Kidonda kile kiko mahali ambapo huwezi kukifunga wala kukibana, na damu huelekea kwenye njia ya hewa. Wembe ukiwa mchafu unaleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Siwalaumu wazee, walitafuta dawa wakati hospitali ilikuwa mbali. Leo kuna njia nyingine.

Na hapa ndipo wazee wako wameona jambo la kweli: wiki tatu ni nyingi. Mwongozo tunaoufuata kliniki unasema kikohozi kikizidi siku 14, mtoto achunguzwe kifua kikuu na pumu. Mpeleke wiki hii. Ukifika, mweleze daktari haya hata asipouliza: uzito wake umepanda au umesimama (chukua kile kijitabu cha kliniki), nani nyumbani anakohoa au anatumia dawa za kifua kikuu, kama kifua kinapiga mluzi usiku, kama ndugu wana pumu, na kama akikohoa anafululiza bila kupumua kisha anavuta hewa kwa kishindo, maana hicho huenda ni kifaduro. Usiogope jina la kifua kikuu. Matibabu yake ni bure katika hospitali za serikali, na tangu mwaka 2016 Kenya ina vidonge vya watoto vyenye ladha ya matunda vinavyoyeyuka majini, badala ya kuvunjavunja vya watu wazima. Pumu nayo ina dawa ya kuvuta kwa pampu, na hata mtoto wa miaka miwili huitumia kupitia chombo kinachowekwa mdomoni na puani.

*Siropu ya mtoto imeisha, nimebaki na ya watu wazima. Nimpe nusu kijiko? Ana miaka miwili na nusu. – Mama, Muyeye*

La, dada, hata robo. Siropu za watu wazima nyingine zina kodeini, ambayo inaweza kuzima pumzi ya mtoto na haifai kwa aliye chini ya miaka 12. Hata zile za watoto hazina faida kubwa: Marekani tangu mwaka 2008 watengenezaji wenyewe waliandika kwenye pakiti kwamba asipewe wa chini ya miaka 4. Unaona amelala, kumbe amelewa dawa.

Tena Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu siropu za watoto zilizokutwa na sumu huko Gambia, baada ya makumi ya watoto kufa kwa figo kuharibika. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, irudishe. Na antibiotiki zilizobaki za kaka yake usimpe. Mafua ni ya virusi, hayasikii antibiotiki.

*Kila magharibi nafukiza udi na ubani ndani. Nyumba yetu ya mawe haina madirisha makubwa. Yaweza kuwa ndiyo sababu? – Mama, Langoni, Lamu*

Yaweza sana. Nyumba za Lamu zilijengwa kuzuia jua, na chumba cha ndani, ambako ndiko mnakolaza watoto, moshi ukiingia hautoki upesi. Sikwambii uache udi. Chetezo kikae kiwandani (ule ua wa ndani) au dakani (kibaraza cha mlangoni) penye upepo, mtoto akiwa kwingine, na nguo zifukizwe huko huko. Dawa ya mbu ya kuwasha ni moshi vilevile, neti inatosha. Sigara isivutwe kabisa nyumbani. Na zile dawa za kuchua zenye kafuri usimpake aliye chini ya miaka miwili, wala usizitie puani kwa mtoto yeyote.

*Mwanangu alianza kukohoa ghafla akila mabuyu. Siku nne sasa, hana homa wala kamasi. – Mama, Shella, Malindi*

Mpeleke hospitali leo, usisubiri Jumatatu. Sema neno "mabuyu" mlangoni. Kikohozi kinachoanza ghafla mtoto akila au akichezea kitu kidogo, bila mafua, huenda ni mbegu iliyoingia kwenye njia ya hewa, na hakuna siropu itakayoitoa. Mabuyu, njugu na korosho nzima zisubiri mpaka apite miaka minne.

*Twakaa Siyu, kisiwani Pate. Usiku maji yakitoka mashua haitembei. Nitajuaje kama mtoto ni wa kusubiri asubuhi? – Baba wa watoto wawili*

Swali lako ndilo zito kuliko yote. Acha kusikiliza kikohozi, tazama kifua. Akiwa ametulia au amelala, fungua shati, shika saa na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika pumzi 40 au zaidi, anahitaji hospitali. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Hiyo huenda ni nimonia. Rudia mara mbili, kwa sababu homa na kilio huongeza pumzi.

Yako mengine yasiyongoja asubuhi: nyama iliyo chini ya mbavu kubonyea ndani kila anapovuta hewa, mlio mkali wa kuvuta pumzi akiwa ametulia, midomo kuwa ya buluu, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au kulala fofofo asiamshike. Ukiona mojawapo, usifikirie mashua ya kwenda Amu, yaani mji wa Lamu. Tafuta pikipiki mwende Faza, ipo hospitali na mko kisiwa kimoja. Mpakate akiwa wima, usimlaze.

Angalia pia kijitabu chake kama alipata chanjo ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14. Kenya inaitoa bure tangu mwaka 2011, na kama aliikosa, uliza kliniki kama bado anaweza kupewa. Na akishikwa na kikohozi, zoea kuhesabu pumzi zake alasiri, mara moja. Ukiona zinapanda, ondokeni wakati ule ule, kungali mchana na pikipiki zingalipo njiani.