Akisema Alikuwa Komando, Mwombe Tarehe

Mtu akijitambulisha kuwa komando mstaafu, hapa Uganda heshima humfuata mara moja. Ni haki. Wengi wetu tuna baba, mjomba au kaka aliyevaa magwanda, na wengine Kiswahili chenyewe tulikisikia kwanza kambini. Ndiyo maana inaniuma ninapoona heshima hiyo ikigeuzwa chambo cha kuwatoza vijana ada ya mafunzo ya ulinzi au nafasi ya kazi Irak. Kabla hujatoa hata shilingi moja, mwombe jina lake kamili, mwaka aliojiunga na jeshi, mwaka aliotoka, kikosi na cheo. Aliyetumikia kweli hayo hutaja bila kutafuta maneno.

Tapeli atakujibu kwamba kumbukumbu zake ni siri ya serikali. Jibu hili limewanasa wengi, kwa hiyo lielewe vizuri. Operesheni inaweza kuwa siri. Lakini kwamba mtu aliandikishwa, alipanda vyeo, alifuzu kozi fulani na aliondoka mwaka fulani, hayo yana faili la kawaida.

Kwa Mmarekani, faili hilo hutunzwa na National Personnel Records Center, hifadhi ya serikali ya kumbukumbu za wanajeshi, St. Louis, Missouri. Sheria yao ya uhuru wa habari inamruhusu yeyote, hata wewe uliyeko Bombo, kuomba taarifa za msingi bila idhini ya mhusika: tarehe za utumishi, vyeo, vituo, mafunzo na nishani. Unajaza fomu SF 180 au unaandika barua. Tarehe ya kuzaliwa husaidia sana, kwa sababu majina hufanana. Habari za afya yake hawakupi, na sioni kwa nini uzihitaji.

Mtaani kwetu alikuja mkufunzi aliyejiita mwanajeshi wa Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini la Marekani. Niliandika St. Louis, nikasubiri kwa muda mrefu, jibu likaja: alikuwa jeshi la majini kweli, lakini faili lake halikuonyesha kozi ya makomando ya Coronado, California, ambayo kila SEAL huipitia. Uongo wa namna hii mara nyingi hukaa juu ya ukweli mdogo, kwa hiyo picha ya ujanani akiwa na sare isikutoshe.

Mwingine atasema faili lake liliungua. Moto ulikuwepo kweli pale St. Louis, tarehe 12 Julai 1973, na uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini yalikuwa ya jeshi la nchi kavu kwa walioondoka kati ya 1912 na 1960, na baadhi ya jeshi la anga kwa walioondoka kati ya 1947 na 1964. Mwanamaji wa miaka hamsini hana cha kusingizia hapo.

Kwa Waingereza njia ni nyembamba zaidi, maana serikali yao haizungumzii nani alikuwa SAS, kikosi chao cha makomando. Hata hivyo, akidai alikuwa afisa au alipewa nishani ya ushujaa, tafuta jina lake katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali yao, ambalo husomwa bure mtandaoni.

Kwa askari wetu wa UPDF, anza na kalenda. Wanajeshi wa Uganda waliingia Somalia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, mwezi Machi 2007. Anayesema alipigana huko na AMISOM mwaka 2005 amejifunga mwenyewe. Jina Special Forces Command, kikosi maalumu kinachomlinda rais, nalo halikuwepo miaka ya 1990: mlinzi wa rais wa zama hizo atakutajia PPU (Presidential Protection Unit). Nambari ya jeshi ya afisa huanza na RO, ya askari wa kawaida RA. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21, ingawa mambo ya usalama yanaweza kukataliwa. Binafsi ninawaamini zaidi wastaafu wenyewe. Mkutanishe na afande aliyepita shule za kijeshi za Kabamba au Kaweweta miaka ileile, waulizane wakufunzi walikuwa nani. Na anayekuuzia nafasi ya kuingia jeshini, usihangaike na nyaraka zake: usajili wa UPDF hutangazwa hadharani na haulipiwi.

Jibu likipingana na maneno yake, usikimbilie kumwanika Facebook. Hakikisha kwanza tahajia ya jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha mpe nafasi ya kujieleza mbele ya watu wawili watatu. Kama tayari amechukua fedha, usifute ujumbe wowote wa mobile money wala risiti. Nenda navyo kituo cha polisi pamoja na jibu ulilopata, na wenzako waliolipa waende siku hiyo hiyo waandikishe maelezo yao.