Fahirisi h ya 3 inapima nini?

Ndugu, umeuliza kama fahirisi h ya 3 inatosha kuionyesha kamati ya chuo kwamba miaka yako ya kupima maji ya visima vya Goma haikuzaa kitu. Namba hiyo, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, inasema tu kwamba una makala 3 ambazo kila moja imenukuliwa katika makala nyingine walau mara 3. Hata moja kati ya hizo ikinukuliwa mara 500, fahirisi haisogei. Tena haiwezi kuzidi idadi ya makala ulizochapisha, kwa hiyo kijana huanza akiwa nyuma, na anayeandika juu ya kisima cha mtaa mmoja hawezi kulinganishwa na anayeandika juu ya saratani.

Volkano ya Nyiragongo, jirani na Goma, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, sikusikia mtu akiuliza nani amenukuliwa mara ngapi. Sote tulikuwa tunangoja habari za mitetemo, na daftari la mitetemo halina fahirisi.

Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, lililoanzia mwaka 2012, linataka vipimo vya majarida visitumike kumpima mtafiti, na linataka data pamoja na athari katika sera na utendaji vihesabiwe. Liambatanishe na faili lako, pamoja na barua (yenye muhuri, unawajua wanakamati wetu) ya kituo cha afya kilichofunga kisima kwa sababu ya vipimo vyako.